Kona ya Walimu: Timu Inafungwa Kila Juma, Ishambulie au Ijilinde?

Kwetu sisi walimu wa kujitolea chaki ni haba na paa la darasa la nne limeanza kuvuja tena. Hayo tutayaongea siku nyingine. Mwezi huu tunawaletea jambo ambalo limetugawanya sisi wenyewe kwa wiki mbili nzima, mpaka chai ya saa nne ikawa inapoa tu kwenye vikombe. Ni jambo la michezo. Lakini akina mama msigeuze ukurasa, maana aliyelianzisha ni bibi.

Bibi huyu ni jirani wa shule. Binti yake na wajukuu walipata safari ya Kanada, sasa wanakaa Winnipeg, mji ambao wakati wa baridi mito yake inaganda mpaka watu wanateleza juu yake kama wako barabarani. Jumamosi moja alitukuta chini ya mwembe, simu mkononi, akasema: "Wanangu, munisaidie. Huyu mutoto analia juu ya muchezo, na mimi huo muchezo wenyewe siujue."

Tukasikiliza sauti aliyotumiwa. Mjukuu ana miaka 13. Anacheza hoki ya barafuni katika timu ya watoto ya mtaa wao, na vifaa anaazimwa. Yeye ni mshambuliaji, na mwanzoni alikuwa anafunga. Lakini timu yao imefungwa mechi saba mfululizo, nyingine kwa mabao nane. Basi kocha akabadilisha mambo: kila wakinyang'anywa, washambuliaji wote warudi nyuma mbio kusaidia mabeki. Tangu hapo kijana hajafunga hata bao moja, na juma lililopita wakafungwa tena, mbili kwa moja. Mwishoni sauti yake ilianza kutetemeka: "Bibi, mimi nitaacha. Afadhali tufungwe kumi lakini tucheze."

"Sasa nimujibu nini?" bibi akauliza. Ndipo tulipoanza kugombana.

Kwanza tueleze mchezo wenyewe, kwa sababu wengi wetu tumeuona kwenye simu tu. Uwanja ni barafu tupu, umezungushiwa ukuta mfupi. Kwenye ligi kubwa ya Amerika Kaskazini, inayoitwa NHL, uwanja una urefu wa mita 61 hivi na upana wa mita 26. Ukilinganisha na uwanja wa mpira wa miguu wa kimataifa, hata robo yake haufiki. Wachezaji wanavaa viatu vyenye chuma chembamba kama kisu chini ya soli, na wanashika fimbo iliyopinda mwishoni. Hakuna mpira wa duara, kuna kisahani cha raba ngumu chenye unene wa sentimita mbili na nusu. Kila upande una watu 6: golikipa mmoja, mabeki wawili na washambuliaji watatu. Wanacheza vipindi vitatu vya dakika 20.

Jambo la kushangaza kwetu tuliozoea mpira wa miguu ni namna wanavyobadilishana. Mchezaji anakimbia kwa nguvu zake zote kwa muda usiofika dakika moja, halafu anatoka na mwenzake anaingia, huku mchezo unaendelea bila filimbi. Mtu akichelewa kutoka, miguu inamwishia na adui anampita hivi hivi. Kisahani nacho kikigonga ukuta kinarudi uwanjani. Kwa hiyo kutoka kushambulia hadi kushambuliwa ni kufumba na kufumbua. Ukiwa umepeleka watu wote mbele, ukanyang'anywa kisahani katikati, wenzako watatu wanashuka kwa beki wako mmoja au wawili, na golikipa wako masikini anabaki kuomba Mungu.

Mwenzetu mmoja, yule anayefundisha timu ya mpira ya wasichana, alisimama upande wa mtoto moja kwa moja. Yeye hana habari ya kujilinda. Alisema timu dhaifu ikikaa nyuma inamkaribisha adui sebuleni, na mgeni aliyekaribishwa sebuleni haondoki bila kula. Akatuletea mfano wa Edmonton Oilers wa Kanada. Msimu wa 1983-84 timu hiyo ilifunga mabao 446 katika mechi 80, yaani zaidi ya matano kila mechi, na ikabeba Kombe la Stanley, ambalo ndilo kombe kubwa kuliko yote katika ligi ile. "Walifungwa pia," akasema, "lakini nani anakumbuka?"

Tukamjibu kwamba Edmonton walikuwa na Wayne Gretzky, na timu ya mjukuu wa bibi haina Gretzky. Tena hata hao Edmonton, mwaka mmoja kabla, 1983, walichapwa fainali mechi nne kwa sifuri na New York Islanders, na katika mechi zote nne Gretzky hakufunga hata bao moja. Gretzky mwenyewe ameeleza kwamba baada ya kufungwa walipita mbele ya chumba cha washindi wakidhani watakuta sherehe. Wakakuta wazee wa Islanders wamekaa na vipande vya barafu kwenye magoti na mabega, wanauguza majeraha. Vijana wa Edmonton wakaelewa kombe linauzwa bei gani, na mwaka uliofuata wakalinunua.

Mwenzetu mwingine, mpole, mtu wa kuhesabu maneno yake, alikuwa upande wa kocha. Yeye alileta New Jersey Devils wa 1995. Kocha wao Jacques Lemaire aliwafundisha kusubiri. Hawakumkimbilia adui kwake, walimngoja katikati ya uwanja, wakamziba njia, wakamsukuma ukutani mpaka akakosea. Fainali wakaifunga Detroit Red Wings, timu kubwa ya mwaka ule, mechi nne kwa sifuri. Ila watazamaji walilalamika kwamba mchezo umekuwa kama kutazama rangi ya ukuta ikikauka. Timu nyingine zikaiga ujanja ule, na baada ya msimu wa 2004-05 kufutwa kwa mgogoro wa mishahara, ligi ilibadilisha sheria kadhaa, pamoja na kuruhusu pasi ndefu na kuwabana wanaoshika-shika wenzao, ili washambuliaji wapumue.

Unaona sasa. Kila mmoja ana ushahidi wake, na kila ushahidi una kombe. Lakini hao wote walikuwa timu nzuri. Swali la bibi ni la timu inayofungwa.

Aliyetutoa hapo ni mwalimu wetu wa hesabu. Alikwenda kituo cha vijana, akakaa kwenye intaneti mpaka walinzi wakamfukuza, akarudi na daftari limejaa. Alisema tuangalie Islanders walewale wa New York, lakini miaka mingi baadaye, walipokuwa wamechoka.

Msimu wa 2017-18 Islanders hawakuwa na shida ya kufunga. Walifunga mabao zaidi ya 260. Walikuwa na kijana aitwaye Mathew Barzal, ambaye katika msimu wake wa kwanza kamili alipata pointi 85 za mabao na pasi za mabao, akachaguliwa kuwa mchezaji mpya bora wa ligi. Walikuwa na nahodha John Tavares. Kwa kushambulia walipendeza sana. Lakini walifungwa mabao 296, wengi kuliko timu yoyote katika ligi nzima, wakashinda mechi 35 tu kati ya 82, na mchujo wa kombe wakaukosa. Ndugu zangu, hiyo ndiyo timu ya "afadhali tufungwe kumi lakini tucheze".

Halafu mambo yakaharibika zaidi. Tarehe 1 Julai 2018 nahodha Tavares aliondoka, akaenda Toronto, mji wa kwao. Watu wakasema Islanders wamekwisha. Siku chache kabla ya hapo walikuwa wameajiri kocha Barry Trotz, aliyekuwa ametoka kubeba kombe na Washington mwezi uleule wa Juni. Kama tungekuwa sisi, baada ya kuondokewa na nahodha mfungaji, tungetafuta wafungaji wengine. Yeye akaanzia mlangoni kwake.

Hapa mtusikilize vizuri, maana hapa ndipo sisi wenyewe tulipoelewa. Tulidhani kujilinda ni kujaza watu golini kama wanafunzi wanavyosongamana mlangoni mvua ikinyesha. Sivyo. Katika hoki shuti la kutoka mbali au pembeni golikipa mzuri analizuia mara nyingi, mradi analiona. Linaloua ni shuti la karibu, mbele ya goli, hasa baada ya pasi iliyokatiza kutoka upande mmoja hadi mwingine, golikipa akiwa bado anageuka. Kwa hiyo Trotz alifundisha watu wake watano wakae karibu-karibu, waifunge njia ya katikati, na wamwachie adui pembeni, kule ukutani, azunguke na kisahani chake apendavyo. Na washambuliaji nao walirudi, wote, kila mara, hata Barzal mwenye kipaji. Hakuna aliyeambiwa wewe ni wa kufunga tu, pumzika mbele.

Msimu wa 2018-19 Islanders walifungwa mabao 196, wachache kuliko timu yoyote katika ligi. Kutoka wa mwisho mpaka wa kwanza ndani ya mwaka mmoja! Jambo hilo lilikuwa halijaonekana katika ligi hiyo tangu miaka mia moja iliyopita. Magolikipa wao Robin Lehner na Thomas Greiss walipata pamoja tuzo inayopewa magolikipa wa timu iliyofungwa kidogo kuliko zote. Lehner alikuwa amepita katika ulevi na ugonjwa wa akili, akayasema mwenyewe hadharani bila kuficha. Sisi tunaamini golikipa akijua wenzake watarudi, hata mikono yake inabadilika, ingawa hilo haliwezi kuandikwa kwenye daftari la hesabu.

Sasa upande wa pili wa daftari, ambao yule mpole hakupenda tuusome kwa sauti. Mabao yao ya kufunga yalishuka chini ya 230. Barzal alishuka kutoka pointi 85 hadi 62. Kijana mwenye miaka 21, aliyekuwa nyota, anaambiwa rudi nyuma, na namba zake zinapungua mbele ya dunia nzima. Je, hakuumia? Lakini timu ilishinda mechi 48 badala ya 35.

Kwenye mchujo wa Aprili 2019 walikutana na Pittsburgh Penguins wa Sidney Crosby. Wakawafunga mechi nne kwa sifuri, na Pittsburgh katika mechi zote nne walipata mabao sita tu. Mwenzetu mpole akapiga meza. Lakini raundi iliyofuata walikutana na Carolina Hurricanes, wakafungwa wao mechi nne kwa sifuri. Mabao waliyofunga Islanders katika mechi hizo nne ni matano. Mwalimu wa mpira naye akapiga meza, chai ikamwagika.

Hivyo ndivyo ilivyoendelea. Mwaka 2020 walifika nusu fainali wakatolewa na Tampa Bay Lightning. Mwaka 2021 walifika tena, wakakutana na Tampa haohao, wakaenda mpaka mechi ya saba, wakafungwa bao moja kwa bila. Tena bao hilo walifungwa wakati Tampa wamebaki pungufu uwanjani, mchezaji wao mmoja ametolewa kwa adhabu. Mnaelewa maumivu hayo? Mlango umefungwa usiku kucha, mwizi ameingia kwa dirisha la choo, na wewe chakula chenyewe hukupika. Msimu uliofuata hawakuingia kwenye mchujo, na Mei 2022 Trotz akafukuzwa kazi.

Basi sisi tunasemaje? Baada ya wiki mbili wengi wetu tulikubaliana hivi: timu inayofungwa mabao nane ianze nyuma. Sababu yenyewe si kwamba kujilinda kunaleta makombe, maana mmeona. Sababu ni kwamba kujilinda kunahitaji miguu na masikilizano, vitu ambavyo hata timu dhaifu inaweza kuvipata mwezi huu. Kipaji cha kufunga kinachukua miaka, na pengine hakiji kabisa. Anayesubiri mfungaji azaliwe atafungwa mpaka azeeke. Lakini kujilinda ni pa kuanzia tu. Timu ikikaa hapohapo itafika kwenye ule mlango wa moja kwa bila, na itabaki nje.

Na kuna kitu kingine ambacho tunafikiri kocha wa yule kijana hakukieleza vizuri, ama alikieleza kwa lugha ambayo mtoto bado anajifunza. Kurudi nyuma ni nusu ya kazi. Ukimnyang'anya adui kisahani karibu na goli lako, yeye yuko mbele amejiachia, mabeki wake wawili wako peke yao, na barafu yote iko wazi mbele yako. Anayerudi na kunyang'anya ndiye anayepata nafasi ya kwenda. Yule aliyebaki mbele anangoja pasi huku amesimama, na katika mchezo huu aliyesimama hana kitu.

Mwalimu wa mpira wa wasichana hajakubali hata leo. Anasema haya yote ni ya watu wazima wanaolipwa mamilioni. Mtoto wa miaka 13, tena mgeni katika nchi, tena lugha inamshinda, anahitaji siku moja ya kufunga bao ili wenzake wamshike mkono na kumwita kwa jina. Ukimwondolea bao, umemwondolea jina. Tulinyamaza kidogo aliposema hivyo. Wengi wetu tuliingia darasani huku kambini tukiwa wageni, tunajua ni kitu gani kuitwa "wewe wa nyuma".

Kwa hiyo tulipomsaidia bibi kujibu, hatukumpelekea mtoto hukumu. Tulimwambia mabao mawili si mabao nane, ahesabu mwenyewe amewapunguzia wenzake mzigo kiasi gani. Tulimwambia habari za Barzal na zile pointi 85 na 62, bila kuficha. Tena tulimshauri amuulize kocha swali moja, kwa heshima, baada ya mazoezi: "Nikinyang'anya, naruhusiwa kwenda?" Kama kocha atasema ndiyo, abaki. Kama kocha atasema hapana, kila siku hapana, hapo hata sisi tulioshikilia ulinzi tutakuwa upande wa mtoto.

Bibi alisikiliza yote, halafu akachukua simu akaongeza ya kwake: "Mujukuu wangu, kumbe wewe unachunga nyumba. Ni vizuri. Lakini mama yako aniambie kama hiyo barafu haipasuki."

Jibu lilikuja siku ya nne. Barafu iko ndani ya jengo, chini yake ni saruji, haipasuki. Kocha alicheka kwa lile swali, akasema hata yeye alisahau kulisema, ruksa kwenda. Jumapili walifungwa tatu kwa mbili. Bao la pili alifunga mtoto mwingine, lakini kijana wetu ndiye aliyenyang'anya kule nyuma na kutoa pasi, na sauti yake kwenye simu ilikuwa ya mtu anayekula huku anaongea. Hajaacha. Kama wataendelea kufungwa hatujui, bibi ameahidi kutuletea habari.

Ninyi wasomaji mnasemaje? Mwalimu wa mpira anataka watu wa upande wake. Andikeni barua fupi, mtie kwenye sanduku la mbao mlangoni mwa maktaba kabla ya tarehe 20. Wasiojua kuandika waje Jumamosi chini ya mwembe, tutawaandikia. Mwezi ujao, Mungu akipenda, tutaongea juu ya mitihani ya taifa na watoto wanaosomea kwa kibatari.